Mzee Marzouq Kwenye Chumba cha Watoto

Marzouq bin Hamood alifundisha watu kuendesha gari kwa miaka ishirini na tisa, na mjini Ibra, huku Oman, ni shida kwenda dukani na kurudi usikutane na mtu aliyewahi kukaa kando yake akitokwa na jasho la mikono. Askari, walimu, mke wa mwenye duka la dhahabu, hata imamu kijana wa msikiti wa Sufala, wote aliwapitisha kwenye mapipa. Mapipa ndiyo mtihani wa kwanza wa leseni huku. Mtu hurudi nyuma, aliingize gari katikati ya mapipa bila kuyagusa, na wengi hurudishwa mara mbili tatu. Marzouq hakuwa na papara nao. Maneno yake yalikuwa matatu: "Polepole. Tazama. Tena." Sauti yake haikupanda hata pale mwanafunzi alipoligonga pipa likabingirika mpaka ukutani.

Mtu mmoja tu alimshinda, naye ni mkewe, Bi Rehana. Somo lao la kwanza, mwaka wa pili wa ndoa, halikufika dakika kumi. Rehana alisimamisha gari katikati ya njia, akafungua mlango, akarudi nyumbani kwa miguu na buibui lake likipepea, na habari ya yeye kushika usukani ikafungwa tangu siku ile. Rehana alilelewa na bibi yake wa mjini Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Mumewe alizaliwa Tabora, akaja Oman na baba yake akiwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo akisema "draiva" mkewe humtazama, akanyamaza, akangoja mpaka aseme "dereva".

Maumivu ya mgongo yalipoanza, Marzouq alilaumu kiti cha gari. Alibadilisha kiti mara mbili, akanunua na kile kifuniko cha shanga za mbao. Kisha siku moja akainama kufunga kamba za buti, ubavu mmoja ukavunjika pale pale, bila kugongwa na kitu. Vipimo vikasema ni saratani ya damu, ile inayojificha kwenye uboho na kuila mifupa kwa ndani. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Akapewa dawa kwa miezi mingi, halafu akalazwa Muskati wiki tano. Walimtoa chembe changa za damu yake mwenyewe, wakazihifadhi kwenye baridi kali, wakampitishia dawa iliyofagia uboho wote, kisha wakamrudishia chembe zake zianze kujenga upya.

Chumba cha jirani alikuwamo mtu wa Sur, jina lake Thani, muuza halua, mwenye maradhi yale yale. Hawakuruhusiwa kukaa pamoja, kwa hiyo walikuwa wakipigiana simu huku wanatenganishwa na ukuta mmoja. Thani alimweleza namna halua inavyokorogwa, saa kwa saa, na Marzouq, ambaye hata uji ulikuwa hautaki kushuka, alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Walitoka hospitali wiki ile ile moja. Miezi minne baadaye nimonia ikamchukua Thani. Marzouq hakwenda kuzika wala kutoa pole, maana madaktari walimkataza mikusanyiko. Alizima simu siku nzima.

Alipotimiza miezi minane tangu arudishiwe zile chembe, Daktari Ghassan alitazama karatasi za damu yake akatabasamu.

"Saratani haionekani, alhamdulillahi," alisema. "Sasa tuna kazi nyingine. Wewe una umri gani, mzee wangu?"

"Sitini na tano."

"Moyo wako ndiyo, una sitini na tano. Kinga yako ina miezi minane. Zile dawa zilipofagia uboho, zilifagia na chanjo zote ulizopata maishani. Pepopunda, dondakoo, kifaduro, polio, zote mwili umezisahau. Lazima uchanjwe upya kama mtoto mchanga."

Marzouq alidhani anataniwa. Daktari akaandika barua ndefu, akapiga muhuri mara mbili. Chanjo zingetolewa na kituo cha afya cha mtaani kwake, bure, katika mpango wa serikali, kwa kuwa mgonjwa wa namna yake ana haki nazo kama mtoto yeyote. Ile ya nimonia ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Ya surua ingengoja mpaka mwaka wa pili, kwa sababu ile huwa na virusi hai, na mwili wake bado haukuwa na nguvu za kupambana navyo.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi wa chanjo alikuwa Jumana, binti wa miaka ishirini na sita, aliyejifunza Kiswahili magotini kwa bibi yake na hakikumkaa sawasawa. Aliisoma barua mara mbili.

"Shikamoo, baba. Mimi sijapata mgonjwa kama hii," alisema. "Chanjo iko kwenye friji, lakini ni ya watoto, imehesabiwa na majina yao. Ya kwako lazima idara ya mkoa waitume. Mimi nitawaandikia leo. Nipe wiki mbili, inshaallah, nitapiga simu."

Alitimiza. Baada ya siku kumi na moja akapiga simu: chanjo imefika kwenye kisanduku cha barafu, imeandikwa Marzouq bin Hamood, aje Jumanne asubuhi.

Jumanne Marzouq alivaa dishdasha jipya, akafunga kilemba chake cha rangi ya zambarau, akajifunika barakoa, akaenda peke yake. Chumba cha chanjo kilikuwa kimechorwa mabata ya manjano ukutani. Kina mama kumi na mmoja walikaa na watoto mapajani, wawili wanalia, mmoja anamtafuna mwenzake kofia. Alichukua namba. Kabla hajaona pa kusimama, mwanamke mmoja akainuka kumpisha kiti. Alikuwa Alyaa, mwanafunzi wake wa mwaka ule wa mvua kubwa, aliyeangusha mapipa matatu kwa siku moja.

"Ustadh Marzouq. Mashaallah, umepona. Umemleta mjukuu?"

"Ndiyo," alisema Marzouq, na neno lilimtoka kabla hajalifikiri.

Alyaa akatazama huku na huku. "Yuko wapi?"

"Kwenye gari. Na mama yake. Nakwenda kuwaita."

Akatoka na namba yake mkononi, akaingia garini, akawasha. Akaendesha mpaka ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu, pale wanapoegesha malori, akakaa humo na kiyoyozi kikivuma mpaka adhana ya adhuhuri. Kisha akarudi nyumbani.

"Umechanjwa?" aliuliza Rehana mlangoni.

"Nimechanjwa."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

Rehana akampikia supu ya mbuzi. Mwanamboka, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akiwasaidia kazi za nyumbani mwaka wa sita sasa, alimletea mto wa kuwekea mkono, na jioni akaja kumuuliza kama ana homa. Marzouq alikula supu ile kwa taabu. Kila alipotendewa wema kwa ajili ya sindano ambayo hakupigwa, alijiona anazidi kuwa mdogo kitini.

Jumamosi simu ya Rehana ililia. Alizungumza barazani muda mrefu, sauti ya chini, kisha akaingia sebuleni akakaa karibu na mumewe.

"Mkono ungali unauma?"

"Kidogo."

"Hebu nioneshe pale panapouma."

Marzouq akagusa bega. "Hapa."

"Bwana Marzouq," alisema Rehana, "huo ni mkono wa kulia."

Mwanamboka, aliyekuwa akipangusa meza, alichukua kitambaa chake akaenda kupangusa jikoni.

"Ati yule binti wa kituoni anauliza kama umesafiri," Rehana aliendelea. "Dawa yako imekaa kwenye friji na jina lako, imetoka mkoani kwa ajili yako wewe tu. Mimi nikamwambia hajasafiri, yupo, anakunywa supu. Sasa nambie. Ulikwenda wapi?"

Marzouq akamweleza: mabata, kina mama, Alyaa, mjukuu asiyekuwapo. Rehana alijizuia asicheke, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mumewe hakucheka.

"Siyo aibu peke yake," alisema. "Thani alikuwa na barua kama yangu. Mtoto wake alinambia waliikuta ndani ya gari, haijafunguliwa. Alikuwa akisema wiki ijayo, wiki ijayo. Wakati ule nikasema, mtu mzima gani huyu. Sasa namwelewa."

"Unamwelewa vipi?"

"Leo nikiugua, ninajua sababu. Sijachanjwa. Lakini nikishachanjwa, mwili ukakataa kujifunza, nitasema nini? Mimi nimewaona watu wasioweza kujifunza, Rehana. Wapo."

Rehana alimshika ule mkono wa kulia uliosingiziwa, akaupapasa.

"Utasema umeugua," alisema. "Nami nitakupeleka hospitali, kama nilivyokupeleka mara zote. Lakini hutakaa hapa ukingoja nimonia kama mtu anayengoja mgeni. Jumanne tunakwenda wote."

Jumanne ilipofika, Marzouq alitoka nje akakuta mkewe amesimama kando ya gari, upande wa dereva, na ufunguo mkononi. Akanyoosha mkono apewe. Rehana akafungua mlango, akakaa kwenye usukani, akavuta kiti mbele, akatengeneza vioo, kimoja kimoja, bila haraka.

"Ingia," alisema. "Tutachelewa."

"Rehana, unafanya nini?"

Akatoa leseni kwenye mkoba akamkabidhi. Ilikuwa na picha yake, macho yamekazwa kama anayegombana na mpiga picha. Tarehe ilikuwa ya miezi mitano nyuma.

Marzouq akaingia upande wa abiria, akafunga mkanda, akaigeuza ile leseni mbele na nyuma. Gari likatoka taratibu uani. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu, ukitafuta ile breki ya mwalimu aliyokuwa nayo kwenye gari la kufundishia, na haikuwapo.

"Lini?" aliuliza walipofika kwenye mzunguko.

"Ulipolazwa, kila mara nilikuwa nangoja mtu anichukue kuja Muskati. Leo mtoto wa fulani, kesho shemeji wa fulani. Siku moja sikupata mtu, na ndiyo siku uliyoshikwa na ile homa. Nikasema basi, hayatanitokea tena." Akawasha taa ya kushoto, akatazama, akaingia barabara kuu. "Kila Jumatano nilipokuambia nakwenda soko la wanawake, nilikuwa nakwenda. Saa moja sokoni, saa moja kwenye mapipa."

Marzouq alipiga hesabu za Jumatano zile zote, na mifuko ya ndimu na ubani aliyomwona akirudi nayo. Soko lile wanaume hawaingii, na yeye hakuwahi kuuliza.

"Nani alikufundisha?"

"Ibtihal wa Mudhaibi."

"Ibtihal nilimfundisha mimi."

"Nilijua tangu somo la kwanza. Nilipoangusha pipa alinambia, polepole, tazama, tena. Nusura nishuke garini."

"Ulipita mara ya ngapi?"

"Ya nne," alisema Rehana. "Na usimwambie mtu."

Mwalimu aliyestaafu alimtazama mkewe akipunguza mwendo kwenye tuta, akimpisha mzee mwenye punda aliyebeba majani, akiweka nafasi ya kutosha nyuma ya lori la maji. Alitafuta kosa kwa dakika nne nzima, kwa mazoea tu, akapata moja: alikuwa akishika usukani kwa nguvu mno. Hakulisema. Kituoni palikuwa na nafasi moja tu, baina ya gari kubwa la maji ya kunywa na ukuta. Rehana akarudi nyuma, akaliingiza mara moja, akazima injini.

Chumba cha mabata kilikuwa kimejaa kama juma lililopita. Alyaa alikuwamo tena, safari hii amemleta mtoto wa dada yake. Akamwona Marzouq, akamwona Rehana, akatazama nyuma yao.

"Ustadh, mjukuu leo yuko wapi?"

Marzouq akavuta pumzi ndani ya barakoa yake. "Mjukuu ni mimi," alisema. "Ugonjwa umenifuta chanjo zote. Nimekuja kuanza upya."

Kina mama wakatazamana. Mmoja akamwombea afya, mwingine akamwombea umri, na mama mwenye pacha akamwambia kwa upole kwamba akitoka auwekee mkono kitambaa cha maji ya baridi, wanawe kiliwasaidia. Alyaa akainuka tena kumpisha kiti, na wote wakakubaliana, bila kuulizwa na mtu, kwamba apite kwanza, maana mgonjwa wa kinga hafai kukaa muda mrefu katikati ya mafua ya watoto.

Ndani, Jumana alikuwa akigombana na kompyuta.

"Baba, huyu kompyuta anakataa," alisema. "Chanjo hii ni ya chini ya miaka mitano. Nikiandika mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tisa, anasema nimekosea. Nimempigia simu mtu wa mkoa, akafungua, sasa anataka jina la mama wa mtoto na uzito aliozaliwa."

"Andika mama wa mtoto ni mimi," alisema Rehana. "Ndimi ninayemlea."

Jumana alicheka mpaka akaondoa mikono kwenye kibodi. Mwishowe aliziacha nafasi zile wazi, akaandika kwa mkono kwenye kadi ya chanjo, kwa Kiarabu kizuri: mgonjwa wa saratani ya damu, amepandikizwa uboho, anachanjwa upya kwa amri ya daktari. Kisha akaosha mikono, akaitoa dawa kwenye kisanduku, akaitazama kwenye mwanga, akamwonesha Marzouq jina lake lililobandikwa.

"Mkono gani, baba?"

"Wa kushoto," alisema Rehana.

Sindano yenyewe haikuwa kitu. Alikuwa amepigwa sindano kubwa kuliko ile kwenye mfupa wa nyonga. Lakini Jumana alipobonyeza pamba juu ya bega lake na kusema "khalas, baba, umekuwa shujaa," kama anavyowaambia wote, macho ya Marzouq yalijaa machozi, akageukia mabata ya ukutani akayahesabu. Yalikuwa saba.

Jumana alikuwa hajamaliza. "Nani anaishi nyumba moja na wewe? Msimu wa mafua unakuja. Wote lazima wachanjwe ya mafua, ili wasikuletee."

"Mimi na Mwanamboka," alisema Rehana. "Lakini Mwanamboka ni wa Tanga, kitambulisho chake ni cha mfanyakazi."

"Anakaa na mgonjwa au hakai?"

"Anakaa. Ndiye anayempikia."

"Basi nitaandika anakaa na mgonjwa. Mlete."

Mwanamboka aliletwa juma lililofuata, na alipofika mlangoni alikuwa ameshakunja mkono wa gauni tangu ndani ya gari. Alisema kwao Tanga shangazi yake alikuwa mkunga, na yeye sindano haziogopi, ila damu. Alipoona tone moja la damu akakaa chini kwenye kiti cha watoto, akapewa juisi ya embe ya paketi, ile wanayopewa watoto waliolia sana. Rehana ndiye aliyepita bila tatizo lolote, na alihakikisha kila mtu amelijua hilo.

Miezi ikaenda. Marzouq alirudi kwa sindano ya pili, na ya tatu, na zile za mchanganyiko zinazokinga magonjwa mengi kwa mpigo mmoja. Kadi yake, ya rangi ya samawati, yenye picha ya mtoto anayetambaa kwenye jalada, ilijaa mihuri. Mara mbili dawa ilichelewa kufika. Mara zote mbili Jumana alipiga simu mkoani huku yeye amekaa mbele yake, akaongea Kiarabu cha haraka ambacho hakikuwa na upole hata chembe, na dawa ikaja. Rehana ndiye aliyeendesha, kwenda na kurudi. Siku moja Marzouq alimwambia asiubane usukani namna ile, mabega yatamchoka. Rehana akalegeza vidole, akanyamaza, na kwa watu wale wawili hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Wakati wa baridi Daktari Ghassan alimpima damu kuona kama mwili umejifunza. Majibu yalifika wakiwa njiani kwenda Samail, kwenye harusi ya Radhia, binti wa ndugu yake Marzouq. Rehana alipaki gari pembeni, chini ya mitende, ili mumewe aongee vizuri. Daktari alisema kinga ya nimonia imepanda vizuri, ya pepopunda imepanda, ya kifaduro inasuasua, na wataiongezea sindano moja. Marzouq alimwomba arudie ile ya nimonia. Daktari akarudia. Marzouq akashukuru, akakata simu, akakaa akitazama mitende.

"Thani angecheka," alisema. "Angesema nimefaulu mtihani wa watoto."

"Angekuletea halua," alisema Rehana.

"Nitampigia simu mwanawe. Leo, baada ya chakula."

Samail walipokelewa kwa ubani na kahawa. Wanaume walikuwa wameketi ukumbini, wamezunguka masinia ya wali na nyama, mkono kwa mkono. Tangu aanze matibabu Marzouq alikuwa akila kwenye sahani yake, pembeni, na kijiko chake. Ndugu yake alikuwa ameshamwandalia sahani hiyo, imefunikwa vizuri, kwenye meza ndogo karibu na dirisha.

Marzouq alimshukuru. Kisha akaenda kunawa mikono vizuri, akavua barakoa akaikunja mfukoni, akatafuta sinia lenye watu wachache, wanne tu, wote wazee anaowajua. Wakasogea. Akakunja miguu, akasema bismillahi, akaingiza mkono kwenye wali ulio mbele yake. Ulikuwa wa moto sana, ukamuunguza vidole, na mzee aliye kushoto kwake akamsukumia kipande cha nyama chenye mafuta bila kuacha kuzungumza.